Mvua Inayopita Chini ya Mwale

Puge iko katikati ya njia, na kila anayeijua anaijua hivyo. Lami ya kutoka Nzega kwenda Tabora ilipogawanywa kwa wakandarasi, ilikatwa hapa: kipande cha Nzega–Puge, kisha kipande cha Puge–Tabora. Abiria wengi wanaijua kwa dakika chache za basi kusimama, dirisha likifunguliwa, mkono ukitoka na noti, mkono ukiingia na karanga. Mimi nimezaliwa hapa, lakini kwa miaka mingi ya kazi niliijua kwa namna nyingine: sehemu isiyoandikwa jina, chini kabisa ya skrini, karibu na ukingo wa duara la rada ya Mwanza.

Nilikuwa mtabiri wa hali ya hewa, wa zamu. Nilisoma Kigoma, kwenye Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, enzi ambazo rada tuliichora ubaoni kwa chaki kwa sababu nchi haikuwa nayo. Ya kwanza ilifungwa Dar es Salaam mwaka 2011. Ya Mwanza ikafuata, pale Kiseke, kisha zikaja za Mtwara, Mbeya na Kigoma, na mpango ukafika hadi Dodoma na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Sasa nimestaafu, nimerudi kulima mpunga kwenye mbuga ya wazazi, na kijana mmoja niliyemwachia kiti hunitumia picha za rada kwenye simu. Anajua kwamba bila hizo silali. Utabiri sitoi tena. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mimi nashauri majirani kuhusu turubai.

Na ni turubai iliyonifanya niandike haya. Asubuhi moja ya mwisho wa Aprili mke wa rafiki yangu alikuwa ameanika mpunga wake wa mapema mbele ya mashine ya kukoboa. Mbingu ilikuwa ya kijivu, imetulia, bila ngurumo.

“Shemeji, simu yako inasemaje leo?”

Nikamwonyesha. Upande wetu wote wa duara ulikuwa mtupu.

“Inasema hakuna kitu.”

“Basi naacha wazi.”

“Hapana, funika.”

Akasimama na jembe la kugeuzia mpunga mkononi. “Sasa shemeji, hiyo picha ni ya nini, kama yenyewe inasema hakuna na wewe unaniambia nifunike?”

Manyunyu yalianza kabla ya saa tano. Hayakuwa mengi, ila mpunga ulioanza kukauka hauhitaji mengi. Ukilowa tena, punje hupata nyufa ndani, na mashine ikiukoboa unatoka chenga badala ya mchele mzima. Bei ya chenga kila mtu hapa anaijua. Yeye alikuwa amefunika, akinung'unika. Swali lake lakini lilibaki, na lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye semina. Nimekuwa nikilijibu vipande vipande tangu siku hiyo.

Kwanza, rada haipigi picha. Inatuma pigo la mawimbi ya redio, fupi sana, kisha inanyamaza na kusikiliza. Muda wake karibu wote ni wa kusikiliza. Pigo likikutana na matone, chembe ndogo ya nguvu yake inarudi. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kutoka juu ya Puge, kilomita kama 240 kwa mstari ulionyooka, huwa umerejea Mwanza katika sekunde 0.0016. Njia hiyohiyo ilimchukua mpelelezi John Hanning Speke wiki kadhaa: aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Julai 1858, akaliona ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti. Mitambo ya rada yenyewe ilikuzwa kwa ajili ya kuzigundua ndege za vita. Waendeshaji wake katika Vita ya Pili ya Dunia waliona mabaka kwenye vioo vyao, wakayaita kero, mpaka ikafahamika kwamba kero ile ni mvua.

Rangi unazoziona kwenye picha ni nguvu ya mwangwi. Hupimwa kwa desibeli ambazo sisi huziandika dBZ, na kila mtabiri ana jedwali lake kichwani. Kwa mlinganyo ambao Marshall na Palmer wa Kanada waliuchapisha mwaka 1948, dBZ 20 ni mvua ya nusu milimita na ushee kwa saa, 30 ni karibu milimita 3, 40 ni 11 au 12, na 50 inakaribia milimita 50. Ikipita 55, mtabiri huanza kufikiria mvua ya mawe. Wakulima wa tumbaku wa Tabora huwa wamekwisha kuifikiria kabla yake.

Jedwali hilo ni zuri na linadanganya kwa adabu. Mwangwi haufuati wingi wa maji. Unafuata kipenyo cha tone kikipandishwa hadi kipeo cha sita. Tone moja la milimita 2 linarudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 1, ilhali maji yake yanatosha kujaza matone 8 tu ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, matone machache makubwa ya mwanzo wa mvua ya radi, yale yanayopiga bati moja moja, yanaweza kung'aa kwenye skrini kuliko mvua tulivu ya kutwa nzima inayojaza majaruba. Manyunyu ya shemeji yalikuwa ya matone madogo. Hata kama mwale ungeyapata, yangekuwa na sauti hafifu.

Lakini mwale haukuyapata, na hapa ndipo kisa cha Puge kilipo hasa. Mwale wa rada hutawanyika kadiri unavyokwenda, kama mwanga wa tochi ukimulika upande wa pili wa mbuga. Wa rada za kawaida una upana wa digrii moja. Digrii moja ni kitu kidogo ukiwa Kiseke; ukifika juu ya Puge imekuwa zaidi ya kilomita 4. Halafu mwale haulali chini. Mara nyingi mzunguko wa kwanza, ule wa chini kabisa, hupigwa kwa nusu digrii juu ya upeo wa macho, usije ukagonga majengo na vilima. Nusu digrii hiyo, kwa kilomita 240, ni kama kilomita 2 za kupanda. Juu ya hizo, dunia ni mviringo, nayo inashuka chini ya mwale. Hewa huupinda mwale kidogo kuelekea ardhini, lakini haitoshi: mviringo wa dunia unaongeza kilomita nyingine 3 na nusu hivi. Ukijumlisha, katikati ya mwale iko kilomita 5 na nusu juu ya mashine ya kukoboa, na sakafu yake iko zaidi ya kilomita 3.

Wingu lililotunyunyizia asubuhi ile halikuwa na urefu huo. Lilikaa lote chini ya sakafu, likanyesha, likaondoka, na rada ya Mwanza ikaandika kwa uaminifu kabisa kile ilichosikia: hakuna.

Nilipomweleza shemeji, alitazama juu kwa muda, akapima kwa macho. “Kwa hiyo wanapita juu yetu.” Ndiyo. Nilikuwa nimetumia miaka kuwafundisha vijana wa zamu jambo hilo kwa michoro ya pembetatu, na nadhani wengi hawakulishika kama alivyolishika yeye kwa kuinua shingo.

Mtu angesema basi tuachane na ukingo wa duara, tusome katikati tu. Isingekuwa busara. Mvua kubwa za radi za Januari na Februari huku kwetu hupanda kilomita 12, hata 15 na zaidi. Hizo mwale unazigonga kifuani, na picha ya Mwanza inatuonyesha mapema zinakotoka na zinakoelekea. Cha muhimu ni kukumbuka unagonga nini. Katika nchi zetu za joto, nyuzi sifuri hupatikana karibu na kilomita 5 kutoka usawa wa bahari. Puge yenyewe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari; ongeza kilomita 5 na nusu za mwale, umeshavuka mstari huo. Juu ya Puge, kwa hiyo, rada ya Mwanza inatazama zaidi barafu: chembe za theluji na punje za mawe ambazo bado hazijayeyuka. Barafu hurudisha mwangwi kwa kiasi kama cha moja ya tano ya maji. Ndiyo maana dhoruba inayoonekana ya manjano tu hapa inaweza kuwa ileile ambayo ingekuwa nyekundu kama ingetokea Magu. Na pale theluji inapoanza kuyeyuka, inavaa ngozi ya maji na kuonekana tone kubwa mno. Rada ikilikata tabaka hilo hupaka ukanda mkali usiolingana na mvua ya chini. Mtabiri mgeni akiuona anaandika onyo. Mwenyeji anauliza kwanza urefu.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao hutokea mwanzoni mwa msimu, mwishoni mwa Oktoba na Novemba, ardhi ikiwa bado ya vumbi. Picha inaonyesha dBZ 25 au 30 juu yetu, watu wanatoa ndoo, na hakidondoki kitu. Mvua ipo kweli, huko juu. Inaanguka kwenye hewa kavu na kugeuka mvuke humo kabla ya kufika chini. Hewa iliyopozwa na maji hayo inakuwa nzito, inashuka kwa kasi, ikigusa ardhi inatawanyika. Kinachofika Puge ni upepo na vumbi jekundu, na kanga zilizokuwa kwenye kamba zinaokotwa kwa jirani.

Sasa upepo wenyewe. Rada hizi huitwa za Dopla kwa jina la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria aliyetoa hoja yake Prague mwaka 1842. Huhitaji maabara kuipata. Simama kando ya lami usiku basi linapopita bila kusimama, dereva amekamata honi: likija, sauti ni nyembamba, likikupita inashuka na kuwa nene, na dereva hajabadilisha kitu. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alipandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, akaweka wanamuziki wenye masikio makini kando ya reli, ili ajiridhishe. Nampenda sana mtu huyo kwa gharama alizoingia.

Rada hufanya kazi hiyo kwa matone. Yakija kwake mwangwi unabanwa, yakienda unavutika. Badiliko ni dogo mno: kwa rada ya mawimbi ya sentimita 10, inayotikisa mara bilioni 3 kwa sekunde, upepo wa mita 20 kwa sekunde unabadilisha mitikisiko 400 tu. Kwenye picha nyingi za kasi, kijani ni kinachokuja kwenye rada na nyekundu ni kinachoondoka. Mgeni huona nyekundu akafikiri ni hatari. Nyekundu hapo haina maana ya hatari. Ina maana ya kwaheri.

Jambo ambalo picha ya kasi haisemi mpaka uiulize ni hili: rada inapima mwendo wa kuja na kwenda peke yake. Kinachopita mbele yake kwa ubavu hakiijii wala hakiondoki, na huandikwa sifuri.

Alasiri moja ya Desemba dhoruba ilitoka upande wa Igunga ikavuka Puge kuelekea magharibi, kama zinavyofanya nyingi msimu huo. Iliezua mabati karibu na sokoni na kuangusha mwembe uliokuwa mkubwa kabla sijazaliwa. Jioni kijana akanitumia picha mbili, ya mwangwi na ya kasi. Kwenye ya kasi, juu yetu, palikuwa na ukanda wa kijivu.

“Mzee, shikamoo. Mbona hapo kwenu kasi ni sifuri? Umesema mabati yameruka.”

Nilimjibu kwa sauti, kwa kuwa kuandika kwa dole gumba kunanichosha. “Marahaba. Chukua rula. Ncha moja iweke Kiseke, nyingine Puge. Sasa niambie, dhoruba imefuata rula au imeikata?”

Kimya kidogo. “Imeikata, mzee.”

“Ndiyo maana.”

Puge iko karibu kusini kamili kwa Mwanza. Dhoruba inayotoka mashariki kwenda magharibi inapita mbele ya rada kwa ubavu, na upepo wake mkubwa unaweza kufutika kabisa kwenye picha. Kama ingetoka ziwani kuja kwetu, ingeng'ara. Kijana huyu si mzembe; alikuwa na shahada na kompyuta nzuri kuliko zote nilizowahi kugusa. Alikosa tu mazoea ya kujiuliza, kabla ya rangi, mtazamaji amesimama wapi. Na hata kama pembe ingekuwa nzuri, upepo ulioezua mabati ulikuwa ule wa chini, wa hewa iliyoshuka na kutawanyika ardhini, kilomita kadhaa chini ya mwale. Mwale wa Mwanza ungepima upepo mwingine kabisa.

Kuna na mtego wa kasi kujikunja. Rada ikitaka kusikiliza mbali lazima isubiri kati ya pigo na pigo, na ikisubiri inapoteza uwezo wa kupima kasi kubwa. Kwa mawimbi ya sentimita 10 na umbali wa kilomita 240, inaishia mita 15 au 16 kwa sekunde. Ikizidi hapo upepo unaoondoka unaandikwa kuwa unakuja. Zipo njia za kuurekebisha, nami sitaziingia. Dalili yake ni kijani kikali kugusana na nyekundu kali bila kijivu katikati.

Karibu na rada mambo ni tofauti kabisa, na kwa haki ya mtambo ule lazima niseme. Zamu za usiku Mwanza zilikuwa raha. Baada ya saa sita usiku hewa baridi ya nchi kavu inateremka kutoka pande zote kuingia ziwani, inakutana katikati, na mawingu yanapanda. Ungeona kabla ya mvua mistari myembamba ya mwangwi hafifu ikitambaa juu ya maji: wadudu na vumbi vilivyokusanywa na mikutano hiyo ya upepo. Mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia mwaka 2017, ulitumia sana rada ya Mwanza kuzielewa dhoruba hizo za usiku, kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa ziwani. Alfajiri wakati mwingine huonekana pete inayofunguka kutoka sehemu moja ya nchi kavu kisha kupotea. Hao ni ndege wanaotoka malaloni. Rada za kisasa hutuma mawimbi yaliyolala na yaliyosimama kwa pamoja, na kwa kulinganisha miangwi yake zinaweza kutenganisha tone lililobonyea na bawa la ndege. Kwelea kwelea wa majaruba yetu, kwa bahati yao, huruka chini ya kilomita 3. Wanakula bila kusajiliwa popote.

Wazee wa hapa walikuwa na mfumo wao, na sizungumzii waganga wa mvua. Watemi wa Unyamwezi walidaiwa mvua na watu wao, ikikosekana lawama iliwaangukia, na katika hilo naona walikuwa wenzangu. Ninachokifikiria ni wapagazi. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walipanga safari kwa kilimo: kutoka baada ya mavuno, kurudi kabla ya kupanda. Mtu aliyerudi kutoka mashariki alikuwa amepita Ugogo kwa miguu, na swali la kwanza aliloulizwa nyumbani halikuwa la bei za pwani. Habari ya mvua ilisafiri kwa mwendo wa mzigo, lakini ilitoka chini, mahali ambapo tope lipo au halipo.

Ninafanya hivyohivyo kwa simu. Picha ikifika nikaona baka mashariki, sianzi na jedwali la dBZ. Nampigia mwalimu mstaafu aliyeko Igunga. Nampigia mwenye duka la pembejeo Nzega, au muuguzi mmoja wa Ndala. “Kwenu vipi?” Mmoja atasema imepiga kweli, mitaro imejaa. Mwingine atasema wingu lilikuja na kelele likapita. Makonda wa mabasi nao wanasaidia, ingawa konda huongeza chumvi: kwake mvua yoyote iliyomchelewesha ni gharika. Ninaporudi kwenye picha baada ya simu hizo, rangi zilezile zinakuwa zimeshuka ardhini.

Halafu kuna kipimamvua. Ni mtungi wenye mdomo wa milimita 127, umesimama nyuma ya nyumba mbali na paa na miti, na kila siku saa tatu asubuhi unasomwa, mvua imenyesha au haikunyesha. Milimita moja ndani yake ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya shamba. Wajukuu wanajua kwamba mtu haoshei kikombe humo. Kasoro yake ni kinyume cha ile ya rada: ni kweli tupu kwa mahali padogo sana, na jirani wa kilomita 5 anaweza kuwa amepata mvua ambayo mtungi wangu haukuisikia hata harufu. Rada inaona kote kwa mashaka, mtungi unaona mahali pamoja kwa hakika. Nimewahi kuwasikia watu wa kompyuta wakizungumza juu ya vituo vya mkono kwa sauti ya kuhurumia vitu vya kale. Ningependa waje wakae chini ya mwale msimu mmoja.

Wanaoniuliza kwa nini isifungwe rada Tabora wanastahili jibu la hesabu. Kutoka mjini hadi hapa ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Mwale wa nusu digrii ungepita juu ya Puge kwenye mita 600 hivi, na upana wake usingefika kilomita moja. Yale manyunyu ya Aprili yangeingia ndani yake, na upepo wa kutoka Igunga, ukikatiza upande huo, ungepimwa angalau kwa pembe. Kigoma na Dodoma haziwezi kutusaidia hivyo. Zote ziko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Lakini nchi hii ina kilomita za mraba zipatazo 945,000, na mtambo mmoja hauishii kwenye kununuliwa: unataka umeme usiokatika, vipuri, mafundi, na barabara ya kupandia kilimani. Marekani ina rada kama 160 za aina hii na bado ina mabonde ambayo mwale unapita juu yake. Siku zote atakuwapo mtu wa ukingoni, na mtu huyo atahitaji kujua jinsi ya kusoma picha iliyopigwa kutoka mbali.

Kwa hiyo namfundisha kijana kwa mahali pabaya kuliko pote alipo napo. Kila asubuhi baada ya saa tatu namtumia usomaji wa mtungi, naye anachukua mwangwi wa mwale wa chini kabisa juu ya Puge kwa saa 24 zilizopita, anaugeuza kuwa milimita kwa mlinganyo ule wa mwaka 1948. Mwezi uliopita alinitumia grafu ya kwanza: mhimili mmoja mtungi wangu, mwingine rada yake. Nukta zimetapakaa vibaya, hakuna mstari unaoweza kupita katikati yake bila aibu, na akaniandikia kwamba labda data haifai. Nimemwambia asitupe hata nukta moja. Azitenganishe kwanza kwa miezi, Novemba peke yake, Januari peke yake, Aprili peke yake, kisha anitumie upya.